Fahamu: Karatasi ya kipimo cha dengi inasema nini?

Mtu ametoka Dar es Salaam, jiji lililokumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2019, anashuka basi Kanazi akiwa na homa. Malaria haionekani. Karatasi ya maabara inasoma: NS1 chanya, IgM hasi. Hapo hakuna mgongano. NS1 ni protini ya kirusi chenyewe, huonekana siku za mwanzo. Kingamwili za IgM huchelewa hadi kama siku ya tano. Kingamwili ya IgG peke yake mara nyingi ni alama ya dengi ya zamani. Mimi jicho ningeliweka kwenye chembe sahani: zikiporomoka, au tumbo likikaza kuuma, rudi hospitali usiku huohuo, hata kama homa imepoa. Aspirini na diklofenaki ziache. Huchochea kuvuja damu.