Kisu cha Mfukoni na Mtoto Anayelilia Wembe

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii aghalabu hutumiwa na mtu aliyechoka kuonya: mwache ajikate, atajifunza. Lakini katika shule nyingi za msingi za Afrika Mashariki jambo hili si methali tu, ni desturi ya kila asubuhi. Mtoto asiye na kichongeo huchonga penseli yake kwa nusu ya wembe, tena wembe uliovunjwa kwa vidole, usio na mpini wala ala, na akimaliza huurudisha katikati ya kurasa za daftari. Tunalitaja hili mapema kwa sababu wazazi wanaoshtuka wakisikia kuwa mtoto wa miaka 10 amepewa kisu, mara nyingi ndio hao hao waliomtuma dukani kununua wembe.

Makala haya yanahusu kisu kidogo cha kukunja, kile cha kizamani ambacho bapa lake hulala ndani ya mpini na kufunguliwa kwa mikono miwili. Hatuzungumzii visu vinavyoruka wazi kwa kubonyezwa kitufe, wala vile vinavyotengenezwa ili vitishe kwa sura. Kisu tunachokikusudia ni kipole. Bapa lake ni fupi, na ili ulitoe huna budi kusimama, kuingiza ukucha kwenye kifuo chake au kubonyeza ulimi wake, kisha kuvuta taratibu. Mtu mwenye hasira hana subira ya namna hiyo. Uzito huo wa kufunguka, ambao mgeni anaweza kudhani ni kasoro, kwa maoni yetu ndio unaokitenganisha na silaha.

Mfano ulio bora zaidi unatoka Japani. Katika mji wa Miki, mkoani Hyogo, wahunzi walianza katika miaka ya 1890 kutengeneza kisu cha kukunja kiitwacho Higonokami. Jina hilo maana yake ni Bwana wa Higo, na Higo ni jina la kale la eneo la Kumamoto, kusini mwa nchi hiyo. Umbo lake ni rahisi mno. Mpini ni bati moja la chuma au shaba ya njano lililokunjwa likawa mfereji, na bapa limeshikwa na msumari mmoja. Hakina springi wala kufuli. Nyuma ya bapa hutokeza ulimi mdogo wa chuma, nao hubonyezwa kwa kidole gumba wakati wa kukata ili bapa lisirudi. Kidole kikiondoka, hakuna kinachokizuia kujikunja isipokuwa mkazo wa msumari. Vile vilivyo bora bapa lake huwa la tabaka, chuma kigumu kikiwa katikati na chuma laini kikikikumbatia pande zote mbili, ujuzi ambao wahunzi wa huko wanautumia pia katika visu vya jikoni na patasi za maseremala.

Kisu hiki kilikuwa cha watoto wa shule. Kwa miongo kadhaa mvulana wa Kijapani alikuwa nacho mfukoni au katika kasha la penseli. Alichonga nacho penseli darasani, na jioni alichonga mianzi kutengeneza kile kijipangaboi kinachosokotwa kati ya viganja na kurushwa hewani. Mwalimu aliuona mkono wa mtoto kwa kuitazama penseli yake, na aliyechonga ovyo alijulikana.

Kisha ikaja tarehe 12 Oktoba 1960. Inejiro Asanuma, mwenyekiti wa Chama cha Kisoshalisti cha Japani, alishambuliwa jukwaani mjini Tokyo akiwa katikati ya hotuba, akauawa na kijana wa miaka 17 aliyeingia na upanga mfupi. Mkutano ule ulikuwa ukirekodiwa na televisheni, na nchi nzima iliyaona yaliyotokea. Katika hofu iliyofuata kukaenea kampeni ya kuwaondolea watoto vitu vyenye makali, na wazazi na walimu waliiitikia. Vichongeo vya penseli navyo vilikuwa vikiingia madarasani, kwa hiyo kisu hakikuwa tena na wa kukitetea. Biashara ya Miki ikaporomoka. Leo jina la Higonokami, ambalo ni alama ya biashara iliyosajiliwa, limebaki na karakana moja tu, ya ukoo wa Nagao.

Hatuwalaumu wazazi wale. Aliyeona damu jukwaani hawezi kuambiwa akae atafakari tofauti ya upanga na kisu cha penseli. Hata hivyo tofauti ipo, nayo ni kubwa. Asanuma hakuuawa kwa Higonokami. Kilichoondolewa mifukoni mwa watoto hakikuwa kile kilichotenda kosa, na pamoja nacho kiliondoka kitu ambacho hakipatikani kwa kichongeo cha plastiki: mtoto kujua kwa mkono wake mwenyewe makali yanaelekea wapi, kidole kingine kiwe wapi, na ni wakati gani wa kuacha.

Wafaransa wa milimani walichukua njia nyingine. Joseph Opinel alikuwa kijana wa miaka 18 mwaka 1890 alipotengeneza kisu chake cha kwanza katika karakana ya baba yake, mhunzi wa mashoka na miundu katika eneo la Savoie, kwenye milima ya Alps. Mwaka 1897 alivipanga visu vyake kwa namba, kuanzia 1 hadi 12, kila kimoja na ukubwa wake. Namba 1 ilikuwa ndogo mno, na Namba 11 ilikaribiana sana na jirani zake. Zote mbili zikaachwa katika miaka ya 1930. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo iliyopendwa kuliko zote mpaka sasa. Mpini ni wa mti uitwao beech, wa mviringo, unaojaa kiganja vizuri. Kwenye bapa kuna alama ya mkono ulionyoosha vidole vitatu chini ya taji, iliyoanza kutumika mwaka 1909.

Wakulima na wachungaji wa Savoie walikuwa nacho mfukoni kila siku, wakikata mkate, jibini na kamba kwa bapa lile lile baada ya kulipangusa kwenye suruali. Mbao za mpini zikilowa huvimba, na bapa hukwama lisifunguke. Dawa yao ni kugonga kitako cha mpini mezani, bapa likachomoza kidogo, kisha likavutwa. Hakuna aliyekirudisha dukani kwa sababu hiyo.

Mwaka 1955 kiwanda hicho kiliongeza pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa kisu ili bapa lisijikunje juu ya vidole. Na kwa ajili ya watoto kinatengeneza kisu kidogo cha Namba 7 ambacho ncha yake imefanywa duara. Makali yapo, tena makali ya kweli, lakini hakichomi. Hapa tunaona methali yetu ikipata maana bora kuliko ile ya kukomoa: mtoto amelilia wembe, wakampa, ila waliufikiria kwanza.

Kwa upande wa kubeba, ipo tahadhari ambayo msomaji mwenye jamaa London au anayekwenda kuwatembelea anapaswa kuijua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kubeba hadharani bila ya kujieleza kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mahakama zikafafanua kwamba kisu kinachojifunga kikiwa wazi hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Maana yake ni kwamba ile pete ya mwaka 1955, iliyowekwa kulinda vidole, yenyewe inatosha kumlazimu mwenye kisu cha Savoie awe na sababu ya msingi akikutwa nacho barabarani kule. Japani nako, bapa likizidi sentimita 6, mtu huhitaji sababu halali ya kulibeba. Na kwa ndege hakuna mjadala: kisu kiwekwe katika mzigo unaopakiwa chini, si katika mkoba wa mkononi. Wasafiri wengi, wakiwamo wanaokwenda Umra, wamekiacha kwenye kapu la ukaguzi kisu cha marehemu baba kwa kusahau tu kupapasa mfuko kabla ya kutoka nyumbani.

Sheria za nchi ni jambo moja, adabu ni jingine. Mtume (s.a.w.) aliamuru kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asije akamdhuru mtu, na alikataza watu kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Mwenye kisu cha kukunja hana udhuru katika hili, kwa kuwa ala yake amepewa ndani ya kisu chenyewe. Akikunje kwanza, ndipo amkabidhi mwenzake.

Sisi katika shughuli za msikiti tunakiona kisu hiki zaidi kwa kukosekana kwake. Siku ya kufungua maboksi ya tende za futari, watu kumi huzunguka boksi lililofungwa kwa utepe wa nailoni, na kinacholetwa ni ufunguo wa pikipiki.

Wapo pia wakusanyaji. Nchini Marekani ni kundi kubwa, na elimu yao ni ya kushangaza. Kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, iliweka mwaka 1970 nukta 10 chini ya jina lake kwenye shina la bapa, na kila mwaka ikaondoa moja, hata mwaka 1979 ikabaki nukta moja tu. Kwa hiyo mtu akiokota kisu cha mfululizo huo chenye nukta 5 sokoni anajua papo hapo kwamba ni cha mwaka 1975, na wengi huanza kwa kutafuta cha mwaka waliozaliwa. Wenye uzoefu hukifungua kisu karibu na sikio ili wausikie mlio wa springi ya mgongo, na huitazama nafasi kati ya springi na mpini kwa kukiinua kwenye mwanga.

Elimu hii tunaiheshimu. Lakini hatuoni fahari ya droo yenye visu 40 ambavyo havijawahi kukata hata chungwa. Kisu cha chuma cha kaboni kilichokaa sandukuni hubaki king'aavu na bubu, ilhali kinachotumiwa kila siku hubadilika rangi, kikawa na kijivu na buluu ya mawingu, kila doa likiwa la embe au ndimu fulani. Utando huo, usichanganywe na kutu nyekundu, husaidia kukinga chuma. Wakusanyaji wenyewe wanajua thamani yake, na wengi hukasirika wakiona muuzaji amekisugua kisu cha zamani mpaka kikang'aa kama kijiko kipya.

Mzazi anayetaka kujaribu aanze na kisu kidogo chenye bapa la sentimita 7 hivi, ncha butu ikiwezekana, na asimkabidhi mtoto kisha akaondoka. Aketi naye. Makali yaelekee mbali na mwili na mbali na kiganja kinachoshika. Kipande cha kwanza cha kuchonga kiwe mti laini, mbichi, usio na vifundo. Kisu kiwe kikali, maana kilicho butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo humfanya ateleze. Kinolewe kwa kinoo chenye maji, bapa likilazwa karibu kabisa na jiwe, pande zote mbili kwa idadi sawa. Baada ya kukata ndimu au nanasi lipanguswe mara moja, kwa kuwa uchachu hukila chuma. Tone moja la mafuta ya kula kwenye msumari linatosha kwa mwezi. Na kisilale katika mfuko wa shule. Kazi ikiisha kirudi kwa baba au mama, mpaka kesho jioni.