Joto la Mzinga Katika Baridi ya Njombe

Saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, katika mabonde ya Njombe, kipimajoto huweza kuonyesha nyuzi 5, na katika mwaka wa sakitu hukaribia sifuri kabisa, viazi vikaungua majani kana kwamba vimepitiwa na moto. Kipenyeze kipimajoto hicho katikati ya masega ya mzinga wenye majana, yaani watoto wa nyuki, nacho kitapanda hadi nyuzi 34 au 35. Tofauti hiyo ya nyuzi 30 inatengenezwa na wadudu ambao kila mmoja ana uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya gramu, na wanaitengeneza gizani, usiku kucha, kwa kutumia asali.

Nyuki akiwa peke yake hana uwezo huo. Mwili wake ukishuka hadi nyuzi 10 hivi, misuli hulegea, anaanguka, na asipopata joto upesi hafufuki. Wakiwa pamoja mambo hubadilika. Hubanana juu ya masega, kisha huitetemesha misuli ya kifuani, ileile inayopiga mabawa, lakini mabawa yenyewe yametulia. Kazi yote ya misuli inageuka joto. Wengine huingia ndani ya vitundu vitupu vilivyoachwa kati ya majana yaliyofunikwa, wakakaa humo wakitetema na kuwapasha wadogo zao kutoka pembeni. Ndiyo sababu mfugaji anayeona vitundu vichache vitupu katikati ya sega la majana hapaswi kuhofu. Huenda ndivyo vyumba vya kupashia joto.

Nyuzi chache zikipungua, hasara yake haionekani siku hiyo. Mwaka 2003 Jürgen Tautz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walilea majana ya nyuki katika viwango tofauti vya joto. Waliolelewa katika nyuzi 36 walikua wakajifunza vizuri na kucheza ile ngoma ya kuwaelekeza wenzao mahali penye maua. Waliolelewa katika nyuzi 32 walitoka wazima kwa macho, wakaruka kama kawaida, lakini hawakuwa mahiri wa kujifunza, na ngoma yao ilikuwa dhaifu. Mzinga uliopoa mwezi wa Julai unaweza kuzaa wachumaji wasiojua njia mwezi wa Agosti, na mwenye mzinga akabaki anailaumu mvua.

Kwa hiyo mtu anayeanza kufuga nyuki Njombe, Makete au Makambako akitafuta mwalimu, ni haki yake kutazama kwa wafugaji wa nchi za baridi kali, Kanada, Sweden au Slovenia. Huko ufugaji nyuki una mizizi mirefu. Siku ya Nyuki Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 20 Mei tangu 2018, inamkumbuka Anton Janša, Mslovenia wa karne ya 18 aliyekuwa mwalimu wa ufugaji nyuki mjini Vienna. Tatizo si walimu hao. Tatizo ni pale mwanafunzi anapochukua desturi zao bila kuuliza sababu yake.

Baridi ya Kanada ni ya msimu mzima. Kwa miezi kadhaa mfululizo hakuna ua hata moja. Malkia huacha kutaga, na nyuki wanaozaliwa mwishoni mwa kiangazi cha huko huwa na akiba ya mafuta na protini mwilini, wakaishi hadi miezi sita badala ya wiki tano au sita za mchumaji wa kawaida. Hewa ikishuka hadi nyuzi 14 hivi, kundi hujikusanya likawa mpira mmoja. Kwa kuwa hakuna majana ya kulea, hawana haja ya kushika nyuzi 35. Katikati ya mpira huo joto linaweza kuwa chini sana ya hapo na kundi likawa salama. Linakula kidogo kidogo na kungoja.

Baridi ya Njombe ni ya usiku. Alfajiri umande ni wa kugandisha vidole, lakini saa tano asubuhi jua limewaka, mikaratusi ina maua, na nyuki wako njiani. Malkia haachi kutaga kabisa, na kwa hiyo majana yapo, nayo yanadai nyuzi 34 kila usiku wa Juni, Julai na Agosti. Kundi la Njombe halipati likizo ambayo kundi la Kanada hupata. Kwa macho yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo mfugaji wa nyanda za juu anapaswa kulishika, kwa sababu ukishalielewa, mengine yanajipanga yenyewe.

La kwanza linalojipanga ni akiba. Mfugaji wa Ulaya ya kaskazini huwaachia nyuki kilo 20 za asali au zaidi kabla ya theluji. Sisi hatuhitaji kuiga kiasi hicho, lakini mrina anayemaliza masega yote ya asali mwishoni mwa mvua za Mei anaondoa kuni jikoni usiku wa baridi unapoanza. Na nyuki wetu wa Afrika wana jibu ambalo wale wa Ulaya hawana kwa wepesi huo: wanahama. Wakikosa chakula au wakisumbuliwa, malkia na kundi lote hufunga safari, mzinga ukabaki na nondo wa nta. Masega kadhaa ya asali yaliyoachwa kando ya majana husaidia kuwafanya wabaki.

La pili ni ukuta wa mzinga, na hapa mwalimu wa karibu kuliko wote ni mzee mwenye mizinga ya magogo juu ya miti. Kwa miaka mingi mzinga wa gogo umedharauliwa katika mafunzo, ukaitwa wa kizamani. Kwa upande wa urinaji lawama zina msingi: ni vigumu kukagua, na mara nyingi majana huharibiwa wakati wa kurina. Lakini upande wa joto sayansi imemrudishia mzee heshima yake. Mwaka 2016 Derek Mitchell wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alilinganisha upotevu wa joto katika mapango ya miti, ambamo nyuki wameishi tangu zamani, na katika mizinga ya mbao inayotumika Ulaya. Mizinga ya mbao ilipoteza joto kwa kasi ya mara nne hadi saba zaidi. Gogo lililotobolewa si mti mzima, lakini ukuta wake mnene uko karibu na mti kuliko ubao wa sentimita 2 ambao fundi seremala ameukata kwa kubana matumizi. Anayetengeneza mzinga wa kisasa kwa ajili ya Njombe amwambie fundi aongeze unene wa mbao, hata kama mzinga utakuwa mzito kubeba.

Halafu kuna maji. Waulize wafugaji wa nchi za theluji ni kitu gani huua nyuki wao, nao watataja unyevu kabla ya baridi. Nyuki wanaokula asali hutoa mvuke. Mvuke hupanda, hukuta mfuniko uliopoa, hugeuka matone, na matone huwadondokea nyuki walewale waliojitahidi kupata joto. Kwetu mifuniko mingi imepigwa bati ili kuzuia mvua, na bati hupoa upesi sana usiku. Dawa yake haina gharama kubwa: gunia lililokunjwa au majani makavu yaliyoshindiliwa kati ya vijiti vya juu na bati, na mzinga uinamishwe kidogo kuelekea mlangoni ili maji yakipatikana yatoke. Mlango nao upunguzwe mwezi wa Juni, ubaki wa kupita nyuki wachache kwa mara moja.

Makambako wana jambo la ziada, nalo ni upepo. Mji ule wa njia panda, ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya na reli ya TAZARA inapita, umekaa mahali pa wazi, na anayeshuka kwenye basi pale usiku hahitaji kuelezwa. Upepo hunyonya joto la mzinga kwa haraka kuliko hewa tulivu yenye ubaridi uleule. Manzuki ya Makambako yanahitaji ua wa miti au kichaka upande unakotoka upepo kabla hayajahitaji mzinga wa pili.

Vitabu vya Ulaya vinasema mlango wa mzinga uelekee kusini. Ushauri huo ni sahihi kabisa, kwa Ulaya. Njombe iko kusini ya ikweta, kama nyuzi 9 hivi, na mwezi wa Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, nyuzi 33 kutoka utosini. Anayefuata kitabu neno kwa neno ataelekeza mlango kwenye kivuli katika miezi ileile ambayo nyuki wanatamani jua. Hapa mlango uelekee mashariki, ukiinamia kaskazini, ili miale ya kwanza iwaamshe wachumaji mapema.

Saa ya kukagua nayo inataka kufikiriwa upya. Sehemu nyingi za Tanzania watu hurina jioni au usiku, kwa sababu nyuki wetu ni wakali na giza huwatuliza. Katika joto la Tabora au Singida hilo halina madhara makubwa kwa majana. Njombe, mwezi wa Julai, kufungua mzinga saa mbili usiku ni kuyamwagia majana hewa ya nyuzi 8, na kila nyuki anayeanguka kwenye nyasi hatarudi. Saa tisa au kumi alasiri, hewa ikiwa bado ina joto, moshi wa kutosha na mavazi kamili, ndiyo suluhu bora. Kama hakuna sababu ya kufungua, usifungue.

Chakula ni habari nyingine ndefu, na huwatatiza wageni kwa kuwa Njombe yote ni ya kijani. Misindano iliyopandwa kwa ajili ya mbao haitoi mbochi, kwa kuwa uchavushaji wake hufanywa na upepo. Chai inayochumwa kila mara haiachwi hata itoe maua. Miwati hutoa chavua nyingi, na chavua ni protini ya kulelea majana, lakini asali inataka mbochi, na hapo mikaratusi na miti ya asili ndiyo tegemeo. Parachichi limeongeza meza mpya. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, likafunga, kisha siku inayofuata likiwa dume. Parachichi la aina ya Hass hufungua ujike wake asubuhi, la aina ya Fuerte alasiri, na ndiyo sababu hupandwa pamoja na kuhitaji nyuki wa kubeba chavua kati yao. Baridi huvuruga ratiba hii, saa za kufunguka zikasogea, na nyuki aliyepoa hatoki mzingani. Mkulima wa parachichi anayenyunyiza dawa ya wadudu mchana wakati miti iko kwenye maua anakata tawi alilokalia. Anyunyize jioni nyuki wakisharudi, au aache hadi maua yaishe.

Elimu ya baridi haikusafiri upande mmoja tu. Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu aliyefanya kazi ya nyuki Tanganyika, aliwaeleza katika maandishi ya kisayansi nyuki wa milima mirefu ya Afrika Mashariki, Apis mellifera monticola: weusi zaidi, wenye manyoya marefu, wapole kuliko ndugu zao wa savana. Habari hizo ziliwafikia wakubwa wa fani. Mtawa Brother Adam wa abasia ya Buckfast, Uingereza, mfugaji maarufu kuliko wote wa karne iliyopita, alikuja Kilimanjaro kuwatafuta mwaka 1987, akikaribia miaka 90. Mwaka 1989 Wasweden wakiongozwa na Erik Österlund walikwenda Mlima Elgon, Kenya, wakapata mbegu ya nyuki hao, na huko kwao wakazalisha aina wanayoiita Elgon hadi leo. Mwaka 2017 watafiti waliochunguza vinasaba vya nyuki wa Kenya waliona kwamba nyuki wa misitu ya milimani na wale wa savana wanafanana karibu katika kila kitu, isipokuwa sehemu mbili kubwa katika kromosomu ya 7 na ya 9. Humo ndimo ulimofungwa urithi wa kuishi juu. Anayeishi milimani na kuagiza kundi kutoka nyanda za chini zenye joto anaacha urithi huo ulio jirani. Ni afadhali aweke mzinga mtupu uliopakwa nta, angoje nyuki wa hapohapo waingie wenyewe.

Limebaki suala linalowaumiza wauzaji. Asali ya Njombe huganda, na mnunuzi akiiona imekuwa nyeupe na nzito hudai imechanganywa na sukari. Madai hayo si ya kweli, na yamewanyima watu wengi waaminifu bei yao. Asali ni maji yaliyobeba sukari kupita kiasi, hasa glukosi na fruktosi. Glukosi ndiyo hujitenga na kuwa chembe, na joto linalochochea kazi hiyo kuliko lolote ni nyuzi 14 hivi. Chumba cha kawaida cha Njombe mwezi wa Juni hakiko mbali na hapo. Chupa ileile ikiwa Dar es Salaam, katika nyuzi 30, hukaa majimaji kwa muda mrefu zaidi.

Wafugaji wa nchi za baridi waliacha kupigana na jambo hili, wakaligeuza biashara. Elton Dyce wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alisajili mwaka 1935 njia ya kugandisha asali kwa makusudi: asali iliyopashwa moto, ikachujwa na kupozwa, huchanganywa na kiasi kidogo cha asali iliyokwisha kuganda kwa chembe laini, kama sehemu moja kwa kumi, kisha huwekwa katika nyuzi 14 kwa wiki moja hivi. Hutoka laini ya kupaka kwenye mkate. Huko hulipia umeme wa kupoza chumba. Njombe ubaridi huo unapatikana bure kwa miezi mitatu.

Mteja akisisitiza anataka asali ya kumiminika, chupa iwekwe ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, kwa saa kadhaa, bila kuharakisha. Asali iliyochemshwa jikoni hupoteza harufu yake na vimeng'enya, na kemikali iitwayo HMF hupanda. Kikomo cha kimataifa ni miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto, na maabara itaigundua hata kama ulimi wa mnunuzi pale stendi ya Makambako haukuigundua.