Kafe resa ya Ahero: sayansi ya kupunguza

Ukitaka kujua pikipiki inaweza kuvumilia nini, simama Ahero kwa saa moja. Barabara kuu ya kutoka Kisumu hugawanyika hapa, moja ikielekea Kericho na nyingine ikishika njia ya Kisii, na katikati ya hayo yote boda boda hupita na magunia ya mchele kutoka mashamba ya umwagiliaji, mitungi ya gesi, vitanda na abiria. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilifuta kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, na tangu hapo zikafurika nchi nzima. Nyingi za kizazi hicho cha kwanza sasa zimechoka. Zimeegemezwa nyuma ya gereji, tangi limeingia kutu, kiti kimepasuka, zikisubiri kuuzwa kama chuma chakavu.

Kabla hazijafika kwenye mizani ya chuma chakavu, zipo njia nyingine. Pikipiki kuukuu inaweza kuvuliwa kila kitu, ikapunguzwa, ikasukwa upya kwa mtindo unaoitwa kafe resa: usukani wa chini, kiti kifupi cha mtu mmoja, mstari mmoja ulionyooka kutoka tangi hadi mkiani. Watu wengi huona urembo tu. Mimi naona somo zima la fizikia ambalo fundi yeyote wa uwanda wa Kano, unaoizunguka Ahero, anaweza kulifanya kwa spana, grenda na mashine ya kuchomelea, mradi ajue kwa nini anakata kila anachokata.

Mtindo huu ulikulia Uingereza. Ace Cafe, mkahawa wa kando ya barabara jijini London, ulifunguliwa mwaka 1938, ukabomolewa kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, ukajengwa upya na kufunguliwa tena 1949. Vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walikutana pale na pikipiki walizozipunguza wenyewe, ndoto yao ikiwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Waliojiweza walichukua fremu ya Norton aina ya Featherbed, iliyotoka mwaka 1950 na kusifiwa kwa uthabiti wake, wakafunga ndani yake injini ya Triumph iliyokuwa na nguvu zaidi. Mseto huo wakauita Triton. Fremu bora ya huku, injini bora ya kule, na visivyohitajika vyote vikatupwa.

Ahero hatuna Norton za kuokota. Tulicho nacho ni uzao wa Honda CG125. Honda ilitoa pikipiki hii mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako chombo hubeba mizigo mizito na huduma hucheleweshwa. Kamshafti yake iko chini, karibu na krenki, na valvu zilizo juu husukumwa na vijiti virefu vya chuma. Hakuna cheni ndefu ya kamshafti ya kulegea wala ya kukazwa. Mpangilio huo ulinakiliwa sana China, na ndio unaosukuma pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba watu Afrika Mashariki.

Uimara huo una gharama yake. Vijiti vile vina uzito, na injini ikizungushwa kasi kupita kiasi, springi za valvu hushindwa kuvirudisha kwa wakati. Valvu hubaki wazi pale inapopaswa kuwa imefungwa, nguvu hupotea, na ikizidi, pistoni huweza kuigonga. Kwa hiyo fundi anayetafuta kasi kwa kuilazimisha injini hii izunguke zaidi anapigana na umbile lake. Injini inayotoa takriban nguvu za farasi 11 itabaki na hizo 11. Kinachoweza kubadilika ni kazi tunayoitwika.

Kazi ya kwanza ni uzito. Keria ya chuma, gadi za kulinda miguu, stendi kubwa, madigadi mazito na kiti cha abiria vinaweza kufika kilo 15 kwa pamoja. Chukua pikipiki ya kilo 105 na dereva wa kilo 70: jumla 175. Ondoa 15, zinabaki 160. Kanuni ya Newton inasema nguvu ileile ikisukuma uzito mdogo, kasi huongezeka upesi zaidi. Hapa nyongeza ni kama asilimia 9, bila kugusa injini wala kununua kipuri.

Kazi ya pili ni upepo. Nguvu ya hewa inayokuzuia huongezeka kwa mraba wa kasi, na nishati ambayo injini inapaswa kuitoa kila sekunde ili kuishinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 90, kasi imeongezeka mara moja na nusu, lakini injini inadaiwa zaidi ya mara tatu ya nguvu kwa ajili ya upepo peke yake. Ndiyo maana boda boda huchoka ghafla kwenye barabara iliyonyooka ya Kano. Usukani wa chini humlaza dereva juu ya tangi na kupunguza eneo la kifua linalogongwa na hewa. Anayelala hivyo hupata mwendo ambao injini haikuongezewa.

Hapa jiografia ya Ziwa Victoria inaingia. Ahero iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban asilimia 13, hivyo kila mara pistoni inapovuta, silinda hupata oksijeni kidogo zaidi. Injini hupoteza nguvu kwa kiwango hicho hicho, ingawa upepo unaomzuia dereva nao ni mwepesi zaidi. Tatizo kubwa liko kwenye kabureta. Petroli inayopita kwenye tundu dogo la jeti haipungui kwa kadiri hewa inavyopungua, kwa hiyo mchanganyiko huzidi mafuta kwa karibu asilimia 7 ukilinganisha na pwani.

Kafe resa nyingi huvuliwa eya klina ya kiwandani na kufungwa kichujio kidogo cha wazi. Kichujio hicho huachia hewa ipite kwa urahisi zaidi, mchanganyiko ukapungua mafuta, na ndiyo sababu maelekezo ya Ulaya humwambia fundi aongeze jeti. Akiyafuata neno kwa neno Ahero, anaweza kukosea, kwa sababu kimo cha hapa tayari kimevuta upande wa pili. Kwenye kabureta za Keihin, jeti namba 95 ina tundu la milimita 0.95. Kuruka hadi 100 kunaonekana kidogo, lakini eneo la tundu huongezeka kwa asilimia 11. Hatua moja kama hiyo inaweza kuivuruga injini nzima.

Mwamuzi ni plagi. Endesha kwa mzigo wa kawaida, vuta mafuta mpaka mwisho kwenye kipande salama cha barabara, kisha zima injini papo hapo, ikiwa ingali inavuta. Ipoe, fungua plagi, tazama kauri iliyo kwenye ncha. Ikiwa nyeusi na imejaa masizi makavu, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe kama chaki, mafuta ni haba na joto linapanda mpaka pistoni iko hatarini. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Badilisha jeti moja, rudia jaribio, tazama tena. Njia hii haina kompyuta, lakini ni sayansi halisi: kitu kimoja hubadilishwa kwa wakati mmoja na matokeo hupimwa.

Kichujio cha wazi kina hatari nyingine hapa. Kiangazi, vumbi la Kano huingia kila mahali, na chembe zake ngumu zikipita kwenye kabureta husaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Sponji iliyolowekwa mafuta maalumu na kuoshwa mara kwa mara ni lazima. Msimu wa mafuriko ya mto Nyando huleta adui wa aina yake. Pikipiki iliyozama isiwashwe hata mara moja kabla mafuta ya injini hayajamwagwa na kukaguliwa. Yakitoka meupe, maji yamechanganyika nayo, na beringi za krenki hazitadumu ukiendelea kuyazungusha.

Sasa fremu, mahali ambapo urembo unaweza kuua. Kufupisha kiti kunahitaji kukata mabomba ya nyuma na kuchomelea kipande kilichopindwa. Bomba lenyewe ni jembamba. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma kilicho pembeni mwa kiungo, na hapo, si kwenye kiungo chenyewe, nyufa nyingi huanzia. Kila tuta la barabarani hukunja chuma hicho kidogo na kukinyoosha, maelfu ya mara, mpaka ufa usioonekana unakomaa. Fundi mwangalifu huingiza kipande cha bomba ndani ya kiungo kabla ya kuchomelea, hukisafisha chuma kiwe kitupu bila kutu wala rangi, na hakati kamwe karibu na mahali zinaposhikwa springi za nyuma.

Springi nazo zina hesabu. Zilizopangiwa abiria wawili na gunia huwa ngumu mno kwa mtu mmoja. Wengi pia hushusha foku za mbele ili pikipiki ionekane imeinama. Kwa pikipiki yenye mita 1.2 kati ya vitovu vya magurudumu, kushusha milimita 20 husimamisha foku kwa karibu nyuzi 1. Usukani unakuwa mwepesi kugeuza mjini, lakini kwenye mwendo mkubwa gurudumu la mbele hupoteza sehemu ya tabia yake ya kujinyoosha lenyewe, na mtikisiko huanza. Shusha kidogo, jaribu polepole, na ukiona usukani unatikisika, rudisha.

La mwisho ninalitaja kwa sauti kubwa: breki. Nishati ya mwendo nayo huongezeka kwa mraba wa kasi. Breki za drami zinazosimamisha pikipiki kwa mita 23 kutoka kilomita 60 kwa saa zitahitaji zaidi ya mita 50 kutoka 90, na hapo hatujahesabu umbali unaopita kabla mkono haujakandamiza. Katikati ya Ahero, penye wanafunzi wanaovuka na ng'ombe wanaorudi jioni, mita hizo ni uhai wa mtu. Ipe pikipiki viatu vipya vya breki, drami isiyo na mfereji na kebo isiyokwama kabla ya kuipa tangi rangi yoyote.

Sheria nayo ina nafasi yake. Namba za fremu na injini zibaki kama zilivyo kwenye logibuku, na ukibadilisha injini, NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ijulishwe. Helmeti na jaketi la kuakisi mwanga havina mjadala, na kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 hazikuandikwa kwa magari peke yake.

Tuna mafundi hodari Ahero, Kibuye mjini Kisumu na kote kando ya ziwa, na tuna maelfu ya injini ambazo bado zina uhai ndani yake. Walimu wa vyuo vya ufundi, ingizeni pikipiki kuukuu kwenye karakana zenu: kuna Newton ndani yake, kuna kemia ya moto, kuna elimu ya metali. Na wewe kijana mwenye chombo kilichoegemezwa nyuma ya nyumba, fuata mpangilio huu: breki, fremu, injini, kisha urembo. Ukiugeuza mpangilio huo, acha pikipiki hiyo ilipo.