Mshauri wa Waziri

Kabwe ni mji mdogo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Nkasi, chini ya milima ya Ufipa. Wengi wa watu wake hupata riziki kwa kuvua dagaa na migebuka. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana na kuongezeka.

Neno kama hilo si jepesi kuamua. Ziwa lisipopumzishwa, samaki hupungua. Likifungwa, mvuvi hukosa chakula cha watoto wake. Waziri hawezi kujua yote peke yake. Kwa hiyo huhitaji washauri.

Washauri hao si wa namna moja. Mtaalamu wa samaki humweleza habari za ziwa. Katibu Mkuu, aliye mkubwa wa watumishi wa wizara, humweleza habari za fedha na taratibu. Mshauri wa siasa humweleza mambo ya watu: watalipokeaje neno hili, waelezwe nini, na ahadi gani walipewa zamani. Katika Uingereza washauri wa namna hii huondoka pamoja na waziri wao, lakini watumishi wa Serikali hubaki kumtumikia waziri ajaye.

Mshauri hana amri. Yeye hunena, waziri huamua, na waziri ndiye ajibuye Bungeni. Hata Katiba ya Tanzania, ibara ya 37, yasema kwamba Rais halazimiki kufuata shauri la mtu ye yote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomwamuru.

Desturi hii si ngeni. Hapo kale Ufipa ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na kila Mwene alikuwa na watu wa cheo waliomsaidia kutawala. Waswahili nao husema, "Penye wazee haliharibiki neno."

Lakini neno huharibika wazee wakiwa waoga. Mshauri asemaye yapendezayo tu ni kama mtu aliyeketi omoni mwa mtumbwi, akaona mwamba, naye akanyamaza kwa kuwa nahodha hapendi kusumbuliwa. Mwamba haujui heshima ya nahodha. Chombo kikivunjika, nahodha huzama, na mnyamavu huzama, na abiria wasio na hatia huzama pamoja nao.