Goma: Yanayomsubiri mgeni wa kwanza katika mji uliojengwa juu ya lava

Mgeni anayefika Goma kwa mara ya kwanza huanza kuujua mji kwa miguu. Kabla hajaliona Ziwa Kivu vizuri, na kabla mawingu hayajafunua kilele cha Nyiragongo, huhisi chini ya viatu vyake mawe meusi, makali, yenye vitundu vingi. Yako barabarani, kwenye kuta za viwanja, na kwenye misingi ya makanisa na shule. Ni lava iliyopoa. Wakazi wameivunja kwa nyundo na kuijengea nyumba.

Kwa watu wengi walio mbali, Goma ni jina la habari mbaya. Wanakumbuka wakimbizi na kipindupindu cha mwaka 1994, volkano ya 2002, M23 kuingia mjini Novemba 2012, volkano tena mwaka 2021, na mwishoni mwa Januari 2025 mji kuangukia tena mikononi mwa M23 na uwanja wa ndege kufungwa. Yote hayo yametokea. Lakini hayaelezi kwa nini watu waliokimbia mara mbili, mara tatu, wamerudi kila mara na kujenga palepale.

Jibu la swali hilo ndilo kitu kikubwa ambacho Goma inaweza kumwonyesha mgeni. Na mgeni huyo si lazima awe mzungu mwenye kamera. Wengi wanaoingia mjini ni ndugu kutoka Bukavu, Butembo, Bunia au Uvira, wanaokuja kwa harusi, kwa masomo au kwa biashara. Wengine ni watoto waliozaliwa ugenini wanaotaka kuona alikotoka mama yao.

Mawe yenye tarehe

Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, ukigusana na Gisenyi ya Rwanda. Nyiragongo, wenye mita 3,470, uko umbali usiofika kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Usiku ambao lava inawaka ndani ya shimo lake, anga ya kaskazini huwa nyekundu.

Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ile ilikuwa nyepesi kama maji, na kasi yake inakadiriwa kuwa ilifikia kilomita 60 kwa saa. Vijiji vya chini ya mlima havikupata muda wa kukimbia.

Tarehe 17 Januari 2002, lava iliingia mjini kabisa. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya maduka, ikaiteketeza kathedrali ya Mtakatifu Joseph na kuishia ziwani. Watu zaidi ya 100 walikufa na zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Katika baadhi ya mitaa ya katikati, ardhi ilipanda hata vyumba vya chini vikazikwa na ghorofa ya kwanza ikawa usawa wa barabara.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipasuka tena bila onyo. Lava ilifuta vijiji na mitaa ya kaskazini na ikasimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, kwa sababu ya matetemeko, serikali iliamuru mitaa kadhaa iondoke. Watu kwa mamia ya maelfu walielekea Sake, Rutshuru na Rwanda, wengine wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Ndiyo maana kutembea Goma ni kama kusoma kalenda. Katika mitaa iliyopitiwa na lava, nyumba nyingi ni za mbao, kwa sababu kuchimba msingi ndani ya jiwe ni kazi ngumu na mbao huweza kuhamishwa. Wenye uwezo hujenga kuta za mawe ya volkano, wakiyapanga kwa ustadi hadi mistari ya saruji inaonekana kama utando mweupe juu ya jiwe jeusi. Fundi wa Goma hanunui jiwe kutoka mbali. Mlima umemletea mlangoni, na umemtoza bei yake.

Chukudu, gari lisilo na mafuta

Kwenye mzunguko mmoja mkubwa wa mji imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu. Si ya rais wala ya jenerali. Ni ya mtu na chukudu yake.

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani kama pembe za ng'ombe, na ubao mrefu wa kubebea mzigo. Haina injini wala pedali. Magurudumu yake huvalishwa mpira uliokatwa kutoka matairi ya zamani, na breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu. Mwenye chukudu hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Kwenye mteremko huiacha iteleze, na kwenye kilima hushuka na kuisukuma kwa nguvu za mwili wote.

Chombo hicho hubeba mamia ya kilo: viazi na kabichi kutoka upande wa Kibumba, magunia ya makala, mbao, saruji, bidoni za maji. Kwa familia nyingi, chukudu moja imelisha watoto na kulipa karo. Mgeni anayetaka kupiga picha aombe kwanza, na asimsimamishe mtu aliye katikati ya mteremko na mzigo. Hapo si suala la adabu tu, ni usalama wa wote wawili.

Ziwa, sambaza na jibini ya Masisi

Ziwa Kivu halina mamba, na jua linapozama maji yake hutulia kama kioo. Ndipo wavuvi wa sambaza wanapotoka. Mitumbwi hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa ili kuvuta samaki, na nyimbo za wapiga makasia husikika hadi ufukoni. Sambaza wenyewe pia ni wageni: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu lilikuwa na aina chache za samaki. Leo ni vigumu kufikiria meza ya Goma bila sambaza wa kukaangwa, wakiliwa wazima na pilipili na limau.

Pembeni ya sambaza kuna bugali, sombe, lengalenga, maharagi na ndizi. Kuna pia jibini ya Masisi, ambayo mjini kila mtu huiita fromage, inayotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa vilima vya kijani vya magharibi mwa Goma. Bei yake sokoni hupima hali ya usalama kuliko taarifa nyingi: barabara ya Sake ikifungwa, fromage hupotea.

Maboti ya kwenda Bukavu hupita karibu na Idjwi, kisiwa kikubwa kinachojulikana kwa mananasi yake. Karibu zaidi na mji kuna Tchegera, kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga. Ni ukingo wa shimo la volkano ya zamani uliobaki juu ya maji, na Mbuga ya Virunga iliweka kambi ya wageni hapo.

Kuna neno moja ambalo mgeni lazima alijue: mazuku. Ni hewa nzito yenye kabonidioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, hasa kati ya Goma na Sake. Haionekani, na huua kuku, mbuzi na watu, zaidi wakati wa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo la wenyeji na kulitumia katika maandishi yao bila kulibadilisha. Mwenyeji akisema usishuke kwenye shimo fulani, usishuke.

Virunga: miaka 100 na makaburi mengi

Kaskazini mwa mji inaanzia Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyoundwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Ni miongoni mwa mbuga za kwanza kabisa Afrika. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Wakati wa utulivu, safari mbili ndizo zilizowavuta wageni. Ya kwanza ni kupanda Nyiragongo kutoka Kibati, mwendo wa saa tano hivi, kulala kwenye vibanda vya ukingoni na kutazama moto chini. Ya pili ni kuwatembelea gorila wa milimani, ambao duniani kote wamebaki kidogo zaidi ya 1,000, katika milima ya Virunga na msitu wa Bwindi wa Uganda.

Huko Rumangabo, makao makuu ya mbuga, kuna kituo cha Senkwekwe cha gorila yatima. Jina ni la dume aliyeuawa pamoja na wengine wa familia yake Julai 2007. Mwaka huohuo, Ndakasi, mtoto wa miezi miwili, alikutwa ameng'ang'ania maiti ya mama yake. Mlinzi André Bauma alimlea kwa miaka 14, na tarehe 26 Septemba 2021 Ndakasi alikufa mikononi mwake.

Walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha katika historia ya mbuga hii. Mei 2018, mlinzi Rachel Masika Baraka aliuawa akiwalinda watalii waliokuwa wametekwa. Mbuga ilifunga utalii na kuufungua tena Februari 2019. Mwaka uliofuata ikaja Covid, kisha volkano, kisha vita.

Kila mara utalii unapofungwa, si mbuga tu inayoumia. Mpagazi wa Kibati hana mzigo, mpishi hana wa kumpikia, mama wa mbogamboga hana hoteli ya kumuuzia. Na pasipo kazi, makala ya msituni ndiyo pesa ya karibu.

Duniani kuna sehemu nyingine ambazo ardhi yake iliwaumiza watu na baadaye ikawalisha kwa njia nyingine. Huko Blaenavon, katika nchi ya Wales nchini Uingereza, mgodi wa makaa ya mawe wa Big Pit ulifungwa mwaka 1980. Miaka mitatu baadaye ulifunguliwa kwa wageni, na waliowaongoza chini ya ardhi walikuwa wachimbaji wenyewe. Walisimulia vumbi, ajali na mshikamano wao bila mtu wa kuwasemea. Goma ina wasimulizi kama hao kwa maelfu. Inachokosa ni amani ya kuwawezesha kufanya kazi hiyo.

Mji wa muziki

Wakati mlima umefungwa, muziki haufungwi. Innoss'B, mwimbaji wa wimbo Yo Pe uliovuma Afrika nzima mwaka 2019 na kurudiwa pamoja na Diamond Platnumz, ni mtoto wa Goma. Kituo cha Yole!Africa kimewafundisha vijana filamu, dansi na muziki, na Foyer Culturel ni jukwaa la wengine wengi.

Tamasha la Amani lilizaliwa katika hali ngumu. Toleo la kwanza, lililopangwa 2013, liliahirishwa kwa sababu ya usalama na kufanyika Februari 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga. Kwa siku tatu, vijana wa pande ambazo siasa ilikuwa imezitenga walicheza kwenye vumbi moja.

Adabu na tahadhari

Goma husalimiana kabla ya kuuliza bei. "Jambo" hujibiwa "jambo sana", na "aksanti" hufungua milango. Mwanamke mtu mzima ni mama, mwanamume ni papa, na aliyekutangulia kidogo kwa umri ni yaya. Kiswahili cha hapa kimechanganyika na Kifaransa, Lingala na Kinyarwanda, na mgeni anayekicheka atalipia viazi bei ya mgeni.

Kamera isielekezwe kwa wenye silaha, mpaka, bandari wala uwanja wa ndege. Usiku si wakati wa kuzurura kwa moto, pikipiki za abiria. Na kabla ya safari yoyote nje ya mji, mgeni aulize hali ya barabara siku hiyohiyo, kwa mtu anayeishi huko. Habari ya juzi inaweza kuwa imepitwa na wakati.

Kwa mgeni wa kwanza ambaye hawezi kupanda mlima wala kufika Rumangabo, bado kuna la kuanza nalo. Amuulize mwenyeji wake ukuta wa kiwanja umejengwa kwa mawe ya volkano ipi, ya 1977, ya 2002 au ya 2021, kisha akae. Jibu huwa refu, na mara nyingi huja na sahani ya sambaza.