Kitambaa cha gundi (ushonaji)

Kitambaa cha gundi ni kitambaa chepesi chenye gundi kavu upande mmoja, ambacho hubandikwa kwa pasi upande wa ndani wa kitambaa kingine ili kukipa ugumu na umbo. Hakionekani nguo inapovaliwa, lakini ndicho kinachofanya ukosi wa shati usimame, mkanda wa sketi usijikunje na sehemu ya vifungo isivutike. Ni tofauti na bitana, ambayo hushonwa ndani ya vazi ili kuficha mishono na kulifanya lisikwaruze mwili.

Historia

Zamani ugumu wa nguo ulitokana na kitambaa kingine kilichoshonewa ndani. Koti la suti lilitiwa kanvasi yenye nywele za farasi, ikashikizwa kwa mkono kwa mishono midogo mingi, kazi ya saa nyingi. Mwaka 1948 kampuni ya Freudenberg ya mji wa Weinheim, Ujerumani, ilianza kuuza Vlieseline, kitambaa cha ndani kisichofumwa, yaani nyuzi zake zimeshikamanishwa bila kupitia kwenye mtambo wa kufumia. Nchini Uingereza bidhaa hiyo hujulikana kama Vilene, na wengi huita kwa jina hilo kitambaa chochote cha aina hii. Aina za kubandika kwa pasi zilienea baadaye. Leo suti nyingi za bei nafuu hubandikwa, na kanvasi ya kushona imebaki zaidi kwenye suti za bei ghali.

Aina

Kisichofumwa ni rahisi kukata kwa sababu nyingi za aina zake hazina mtande wala mshindo, lakini hufanya nguo iwe kama karatasi kikiwa kizito mno. Kilichofumwa lazima kikatwe kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi wa kitambaa cha nje; kikikatwa hanamu huvutika na kupinda vazi. Kwa vitambaa vinavyonyumbuka, kama vya fulana, hutumika kilichosukwa kwa vitanzi, nacho hunyumbuka pia. Upo pia utando wa gundi wa pande mbili, unaotumika kubandika maua au herufi za kitambaa juu ya mto au mkoba kabla ya kuzishona ukingoni.

Kosa la kawaida ni kuchagua kizito. Kwa nguo, kitambaa cha gundi huwa chepesi kuliko cha nje, au kinalingana nacho. Mkoba wa kitenge ni jambo jingine: hapo ugumu ndio unaotafutwa.

Jinsi kinavyoshika

Gundi yake ni plastiki inayoyeyuka kwa joto, kwa kawaida poliamidi, poliesta au polithini, iliyowekwa kwa vidonge vidogo. Ukikipapasa, upande wa gundi hukwaruza kidogo na mara nyingi hung'aa kwenye mwanga. Joto huyeyusha vidonge, uzito wa pasi huvisukuma katikati ya nyuzi, kisha vikipoa hukauka na kushika. Kwa hiyo joto peke yake halitoshi. Panahitajika pia mgandamizo na muda.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu aliyezoea kunyoosha nguo huitelezesha pasi, na gundi iliyolainika husogea kabla haijashika. Pasi inapaswa kukandamizwa mahali pamoja kwa sekunde 10 hadi 15 hivi, kuinuliwa, kisha kuwekwa mahali pa jirani. Kitambaa chembamba chenye unyevu huwekwa katikati ili gundi isiingie kwenye pasi. Baada ya hapo kipande huachwa kipoe kabisa, kwa sababu kikiinuliwa kikiwa moto hujikunja na kubaki hivyo. Pasi ya mkaa inaweza kutumika, ila joto lake halilingani kila mahali, hivyo kujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki ni lazima.

Kasoro

Mapovu yanayotokea kwenye ukosi baada ya kufuliwa mara ya kwanza huwa na sababu mbili kuu: gundi haikushika vizuri, au kitambaa cha nje kilisinyaa na cha ndani hakikusinyaa. Sababu ya pili huwapata sana wanaoshona pamba mpya, vikiwemo vitenge, bila kuiloweka na kuikausha kwanza. Mapovu ya sababu ya kwanza huweza kupungua kwa kukandamizwa tena kwa pasi yenye mvuke. Ya pili mara nyingi hayatoki, na ukosi hubidi ufumuliwe na kukatwa upya.

Mahameli, vitambaa vyenye vishanga na vile vyepesi vinavyopitisha mwanga havifai kubandikwa. Mahameli hulala manyoya, vishanga huyeyuka, na kwenye vitambaa vyepesi vidonge vya gundi huonekana kwa nje. Kwa hivyo hutumika kitambaa cha ndani cha kushona, kama ilivyokuwa zamani.