Thamani Yetu Haipimwi kwa Kazi

Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria huvua usiku wa giza kwa kutumia taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa vizuri. Hivyo wengi huegesha mitumbwi, hushona nyavu na kupumzika kwa siku kadhaa. Hakuna anayewaita wavivu.

Sisi wengine hatuna mbalamwezi ya kutusimamisha. Tukiulizwa habari hapa Mwanza, tunajibu, “Tunapambana.” Neno hilo si baya, lakini taratibu tunaanza kuamini kwamba asiyepambana si kitu. Mzee asiyeweza tena kwenda ziwani hujiona mzigo. Kijana aliyekosa ajira huacha kuja jumuiya kwa aibu. Mseminari hujipima kwa alama za mtihani. Je, imani inasemaje?

Kwanza, kitabu cha Mwanzo kinaonyesha kwamba mtu aliumbwa siku ya 6. Siku yake nzima ya kwanza ilikuwa ya 7, siku ya pumziko. Alipokea kabla ya kuzalisha. Vivyo hivyo, katika Injili ya Marko, Yesu anaitwa Mwana mpendwa pale Yordani kabla hajatenda muujiza hata mmoja. Nasi tulibatizwa, wengi wetu tukiwa wachanga tusioweza kazi yoyote.

Pili, Kumbukumbu la Torati 5 inawakumbusha Waisraeli kwamba walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Anayepumzika anakiri kwamba Mungu amemweka huru.

Kanisa halidharau kazi. Katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Ndiyo maana Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa, pamoja na kutuagiza kushiriki Misa siku ya Dominika, inataka tuepuke shughuli zinazozuia ibada, furaha ya siku hiyo na pumziko la akili na mwili.

Lakini mama anayeanika dagaa kwa ujira wa siku afanyeje? Asipofanya kazi leo, watoto hawali. Kumhubiria pumziko tu ni maneno matupu. Amri ileile ya Kumbukumbu la Torati inamtaja pia mtumishi: naye apumzike kama bwana wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki. Basi tulio na dada wa kazi, mlinzi au kijana wa dukani, pumziko lao limo mikononi mwetu.

Ndugu msomaji, Dominika ijayo, baada ya Misa, tuweke kando simu ya biashara. Tumtembelee yule mzee au yule kijana. Tusimuulize anafanya nini siku hizi. Tukae naye tu, ajue kwamba anapendwa.